Shemeji alimsomesha mwanangu, sasa hataki nikate rufaa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mjane, nauza nyanya na sukuma wiki sokoni Voi. Mume wangu alifariki kifungua mimba wetu akiwa darasa la saba. Kakake mkubwa, shemeji yangu anayefanya kazi Mombasa, akamchukua mtoto na kumlipia shule ya bweni, kidato cha kwanza hadi cha nne. Sikumwomba. Alisema mtoto wa nduguye hatafukuzwa karo yeye akiwa hai, na kweli hakukosa hata muhula mmoja. Kijana alifanya KCSE mwaka wa 2023, akapata B, akaitwa chuo kikuu huko bara.

Mambo yaliharibikia saiba, alikokwenda kujaza fomu ya ufadhili kwenye mtandao. Huu mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 hauangalii alama tu, unataka kujua kwenu mna nini: mzazi anapata ngapi, watoto wangapi wako shuleni, na mengine kama hayo. Kijana alikwenda peke yake kwa kuwa ilikuwa siku ya soko. Kwenye mlezi akaweka baba mkubwa, na kitambulisho chake, na mshahara wake. Hakudanganya, Shangazi. Ndiye aliyemlea.

Majibu yalipokuja nilikuwa napanga nyanya mafungu ya shilingi ishirini. Alinionyesha simu, kisha akailaza kifudifudi juu ya gunia la vitunguu. Bendi ya 5. Yaani ufadhili wa serikali asilimia 30, mkopo asilimia 30, familia itoe 40. Kozi yake ni kama shilingi 200,000 kwa mwaka, kwa hiyo zetu ni 80,000. Bendi hiyo ni ya nyumba inayoingiza zaidi ya 120,000 kwa mwezi! Mimi mwezi ukiwa mzuri, nikitoa nauli na ushuru wa soko, nabaki na 12,000. Kwa pato hilo angekuwa Bendi ya 2, ufadhili asilimia 60, mkopo asilimia 30, nasi tutoe 20,000. Hizo ningezitafuta, hata kwa kukopa kwenye chama.

Rufaa inawezekana. Chifu ameahidi kuniandikia barua, na cheti cha kifo ninacho kwenye mkebe wa biskuti. Kikwazo ni shemeji. Nilipompigia kumweleza alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo mnaiandikia serikali kwamba huyu mtoto hana baba?" Anasema nikiondoa jina lake nimemvua nguo mbele ya ukoo. Lakini baba huyo ana watoto wake wawili chuoni, na tangu Septemba ametuma 15,000 tu. Simlaumu, ametoa mengi. Ila kulipa hawezi, na tuombe kwingine hataki.

Halafu kuna shamba. Ninapolima ni pa ukoo, hati bado iko kwa jina la marehemu baba mkwe, na mwenye neno pale ni yeye. Sijasikia akinitishia, la, lakini nimeona wajane wenzangu walivyofungashwa virago kwa ugomvi mdogo kuliko huu.

Dadangu anasema nipeleke rufaa kimyakimya, shemeji atajua ikishapita. Sasa nambari iliyo kwenye fomu ni yake, akipigiwa kuulizwa je? Jirani yangu wa meza naye ananishauri niape kwamba hajawahi kutoa hata senti. Hilo siliwezi. Risiti zote nne za sare za shule ninazo, zina jina lake. Ninachotaka kuandika ni kwamba alimsomesha hadi kidato cha nne, na kuanzia hapo mzazi ni mimi. Ni kweli tupu, lakini sijui nitaisemaje isisikike kama kumfukuza.

Kijana ananipigia usiku anasema ataacha, arudi aendeshe bodaboda. Mtihani ni Desemba, na bila kumaliza karo hataufanya.

Jumamosi shemeji anakuja huku kwa mazishi ya mzee mmoja wa ukoo. Nimwendee mwenyewe na ile barua ya chifu mkononi? Nimtume mzee mwingine wa ukoo azungumze naye? Au nimwachie kijana, kwa kuwa anasema ni mtoto wake? Nijibu mapema Shangazi, siku zimebaki chache.

Mama Kifungua Mimba,
Voi