Kwa Hamisi, na Kaka Rashidi Asomewe

New York, Novemba

Mdogo wangu Hamisi,

Asalaam aleykum. Mimi mzima, baridi tu imeshaanza. Ujumbe wako wa fedha za rangi nimeupata. Na wa Kaka Rashidi wa kutaka nikukanye nimeupata pia, tena wake ulitangulia. Eti kijana mzima anachora mbingu wakati wenzake wanaendesha bodaboda. Sijamjibu. Jibu lake limo humu, msomee.

Kwanza nijisifu. Nimepandishwa cheo, sasa zamu nzima ya jikoni iko chini yangu. Siku ya mapumziko nikajipeleka Museum of Modern Art, jumba la sanaa la hapa, kuiona ile picha uliyobandika juu ya kitanda, ya usiku wa nyota ya yule mchoraji Mholanzi, Vincent van Gogh. Hamisi, ni ndogo! Kama sentimita 74 kwa 92. Lakini rangi imelala nene kama ugali uliosawazishwa kwa mwiko, kila mpigo wa brashi unauona. Wenzako wanaijulia kwenye vikombe. Dada yako amesimama mbele yake.

Aliichora Juni 1889, akiwa amejilaza mwenyewe katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Dirisha lake lilitazama mashariki, akamwandikia mdogo wake Theo kuwa ameiona nyota ya alfajiri kabla jua halijachomoza, kubwa kweli. Ndiyo ile nyeupe kando ya mti. Chumbani hakuruhusiwa kupaka rangi, kwa hiyo usiku wote ule kauchora mchana, chumba cha chini. Na kile kijiji hakikuonekana dirishani kabisa! Kakiongeza mwenyewe, na mnara wa kanisa wanasema ni wa kwao Uholanzi. Hapo nikashikwa. Nilitoka mle nikiitamani Raskazone yetu ya Tanga, samaki wa jioni, hata kelele za Mama Salma.

Ule mti mweusi ni mberoshi (cypress), kule hupandwa makaburini. Mwaka mmoja kabla ya picha hii Vincent aliandika kuwa kama tunavyopanda treni kwenda Tarascon, mji wa kule Ufaransa, ndivyo tunavyopanda kifo kwenda kwenye nyota. Hapa usimsomee mama.

Sasa Rashidi asikilize. Nani alilipa hospitali, rangi na kanvasi? Theo, mdogo mtu, kutoka Paris alikokuwa akiuza picha za wachoraji. Na picha hii haikumfurahisha; aliona kaka yake anahangaikia mtindo mno. Akaendelea kutuma. Vincent akafa Julai 1890, Theo akamfuata Januari 1891. Aliyezitunza picha na barua mpaka dunia ikazijua ni Jo, mjane wa Theo. Shemeji Mwanaidi, aliyezitupa kanvasi zako uani mvua ikanyesha, naye asomewe.

Ila nawe usijione Vincent. Zile fedha za rangi za Machi mlizila kwenye harusi ya Salma, na picha nilizotumiwa ni za pilau. Safari hii natuma Ijumaa kwa namba ya mama, siyo ya Rashidi. Za mabati ni zake mama, za rangi atakuhesabia mkononi. Risiti nipigie picha. Na hiyo picha uliyoanza ya bandari usiku, nitumie hata kama haijakauka.

Dada yako,
Mwanahamisi