Mwanangu, usikubali kufunika kombe

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unasema umewekwa kwenye kamati ya kusikiliza shauri la rafiki yako aliyempiga mwenzi wake, na kwamba viongozi wenu wa harakati wanataka limalizwe kimyakimya "adui asipate la kusema". Niliposoma hapo nikaona nikuandikie leo leo.

Usishangae kwamba limetokea kwenu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Wanaume hao wanatoka kila mahali, na wamo wanaohutubia haki za wanawake vizuri kuliko wewe na mimi.

Ila ndani ya harakati ukatili una mbinu zake. Bwana anashika simu na nywila za mwenzi wake, anasema ni kwa usalama wa kundi. Wakigombana nyumbani, kesho yake anadondosha neno kikaoni: huyu siku hizi simwelewi, huenda anatumiwa. Neno hilo likishatoka, nani atamsikiliza tena? Chumba anacholala ni cha kundi, marafiki ni wa kundi, posho ni ya kundi, na miaka yote amefundishwa kwamba polisi si pa kukimbilia. Uliniambia mwenyewe kwamba zamani dada huyu ndiye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na sasa akiulizwa jambo anamtazama kwanza yule bwana usoni ndipo ajibu. Uliona, mwanangu. Usijifanye hukuona.

Hiyo hoja ya adui ni kongwe. Mwaka 1977 Elaine Brown, aliyekuwa akiongoza Black Panther, chama cha watu Weusi waliopigania haki zao kule Marekani, alijiondoa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanamke aliyesimamia shule ya chama alipigwa na wanaume wa chama hadi akavunjwa taya, na Huey Newton, mmoja wa waasisi, akasimama upande wa wanaume. Serikali ilikiandama chama hicho kweli kweli. Lakini taya ile haikuvunjwa na serikali.

Mimi ningekuwa wewe ningekataa kuwa hakimu wa rafiki yangu. Tafuteni mtu wa nje, asiyewategemea kwa lolote. Na msiwakalishe wawili hao meza moja eti wapatane: mtu hawezi kusema mbele ya anayemwogopa, na akisema, atalipia wakirudi nyumbani. Kabla ya ushahidi wowote, ijulikane analala wapi usiku. Mwanamke anapoondoka ndipo hatari inapozidi, kwa hiyo aendako pasitajwe hata kwa wenzenu. Tena mwanamke anayemwamini amuulize faraghani kama aliwahi kukabwa shingo. Akisema ndiyo, jambo limeshavuka kamati, kwa sababu aliyekabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa naye. Apelekwe kwa daktari hata kama hana alama. Na akitaka kushtaki, asitokee wa kumzuia kwa jina la harakati.

Rafiki yako atalia mbele yenu, na ataomba radhi kwa maneno mazuri, maana kusema ndiyo kazi yake. Msimpigie makofi. Tazameni kama atakabidhi funguo, nywila na fedha za kundi siku hiyo hiyo, na kama ni yeye atakayekaa nje ya vikao. Mara nyingi anayepigwa ndiye hutoweka, na aliyempiga hubaki na kipaza sauti. Hilo linaniuma kuliko yote.

Najua unampenda, mmekamatwa pamoja, mmelala njaa pamoja. Dada huyo akishakuwa salama, nenda kamwone rafiki yako, umwambie uso kwa uso kwamba hutamtetea.

Sasa hivi, usimpigie dada huyo kwenye simu yake, maana unajua nani anaishika. Mtume rafiki yake amfikie ana kwa ana, amuulize yeye anataka nini kifanyike. Kama anahitaji pa kukaa, chumba chako cha zamani hakina mtu. Aje hata usiku, sitamuuliza maswali.

Mama yako