Kwa nini tunakuuliza maswali ukija kununua inhela ya bluu

Wiki iliyopita kaka mmoja aliondoka hapa famasi kakasirika kabisa. Alikuja kununua inhela ya bluu, yaani salbutamol, dawa ya kupuliza inayofungua kifua haraka mtu mwenye pumu akibanwa, nikamuuliza ya mwisho umenunua lini, akasema mwezi uliopita, nikauliza na kabla ya hapo, akasema kila mwezi nachukua moja, nilipotaka kuendelea akaniambia dada mimi nimekuja kununua dawa sijaja kuhojiwa. Nilimpa, maana mtu kifua kimembana humnyimi dawa, ila naandika hapa kwa ajili yake na kwa wote ambao huwa tunawauliza, mjue tunachotafuta ni nini.

Hiyo "kila mwezi" ndo iliyonishtua. Kopo moja la salbutamol lina mipulizo 200, ukilimaliza ndani ya mwezi maana yake unapuliza mara sita saba kwa siku, wakati mtu ambaye pumu yake imetulia hatakiwi kuihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki. Mwaka 2014 huko Uingereza madaktari walitoa ripoti baada ya kupitia vifo 195 vya pumu, kimoja kimoja, wakaangalia na inhela ambazo marehemu walikuwa wanaandikiwa. Kati ya watu 165 ambao hesabu yao ilipatikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya inhela 12 za kutuliza haraka, aina ya hii ya bluu, ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufa. Sasa moja kila mwezi kwa mwaka ni ngapi? Ndo maana nauliza, na nitaendelea kuuliza.

Sio kwamba ya bluu ni mbaya. Tatizo ni kazi yake inapoishia. Kwenye pumu njia za hewa zinavimba kwa ndani na kujaa makohozi, alafu misuli inayozizunguka inakaza. Ya bluu inalegeza hiyo misuli tu, dakika chache kifua kinafunguka, miluzi inaisha, unajisikia umepona, baada ya saa nne mpaka sita imekwisha nguvu na uvimbe uko pale pale haujaguswa. Kinachopunguza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, na watu wengi tunaowahudumia hawajawahi kuitumia hata siku moja.

Na hapa sisi wa dawa tuna makosa yetu pia, kwa miaka mingi tulifundishwa mtu mwenye pumu ndogo mpe ya bluu peke yake inatosha. Tafiti za karibuni ndo zimetubadilisha. Mwaka 2019 Richard Beasley na wenzake wa New Zealand walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 650 wenye pumu ndogo, kundi moja likitumia ya bluu wakibanwa, kundi lingine likitumia inhela yenye dawa mbili pamoja, budesonaidi ya kupunguza uvimbe na fomoterolo ya kufungua kifua, nayo wakibanwa tu, sio kila siku. Hao wa dawa mbili mashambulizi yao yalikuwa karibu nusu ya wenzao. Mwaka huohuo mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule unaoitwa GINA, ukasema wazi mtu mzima au kijana wa miaka 12 kwenda juu asitibiwe tena kwa ya bluu peke yake. Na mwaka 2025 watafiti wakaijaribu hiyo ya dawa mbili kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, hukohuko New Zealand, mashambulizi yakapungua kwa asilimia 45. Kwangu mimi hii ndo habari kubwa zaidi ya kifua tangu nianze kazi, na inaniuma kwamba wagonjwa wengi haijawafikia.

Najua mtasema hiyo ya dawa mbili ni bei. Ni kweli ni bei, siwezi kudanganya. Ila nenda kwa daktari umwambie unamaliza makopo mangapi ya bluu kwa mwaka, kuna pia steroidi ya peke yake, beklometasoni, ambayo bei yake ni nafuu kidogo, atakupangia. Sisi hatukubadilishii dawa hapa kaunta.

Wengine wanaogopa neno steroidi, mama mmoja aliniambia itamzoesha mtoto. Haizoeshi mama. Pulizo moja la budesonaidi mara nyingi ni maikrogramu 200, na vile vidonge vya predinisoloni ambavyo mtu mzima anapewa akizidiwa ni miligramu 40 kwa siku, miligramu moja tu ni maikrogramu 1000, piga hesabu mwenyewe. Cha muhimu ukishavuta sukutua mdomo uteme, la sivyo unaweza kupata utando mweupe mdomoni.

Jambo lingine, wengi mnapuliza dawa inaishia kwenye ulimi. Kwa watoto hasa, tumia chupa ya kupitishia dawa, ile inayokaa kati ya inhela na mdomo. Za kununua zipo, lakini kama huna hela usikate tamaa, mwaka 1999 Heather Zar na wenzake kule Cape Town walipima chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita kwa watoto waliobanwa na pumu, wakakuta ikizibwa vizuri inafanya kazi sawa na ile ya kununua. Walipima na kikombe cha foamu, hicho ndo hakikusaidia, kwa hiyo msikitumie. Unatoboa kitako cha chupa kwa waya wa moto kwa umbo la mdomo wa inhela, unachomeka, unaziba pembeni kwa gundi isivuje, unaiosha kwa sabuni ya vyombo na kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Mtoto anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa, unatikisa inhela, unapuliza moja, anavuta na kutoa pumzi mara tano sita taratibu, ndo unapuliza nyingine. Mdogo ambaye hajaweza kubana midomo kwenye chupa anahitaji ya kununua yenye barakoa.

Na tafadhali, mtu akishindwa kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, au mtoto mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, usije kwetu. Mpulizie ya bluu mkiwa njiani na mkimbize hospitali.

Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita tunaangalia bure jinsi unavyovuta, njoo na inhela zako zote hata zilizoisha na chupa ya nusu lita iliyooshwa. Na yule kaka kama unasoma, njoo, sitakuuliza mengi, nataka tu kukuona unavyopuliza.