Barua kwa vijana wa Jumamosi, Kirumba, Mwanza

Vijana wangu, mwangaluka.

Jumamosi iliyopita mlinikaribisha pale ghorofani kwenu mnapokutana kuandika programu za kompyuta, mkanipa kiti chenye mto na soda ya baridi, kisha binti mmoja akaniuliza: "Babu, wewe ulianza kuandika programu kwa ajili gani?" Nikababaika. Mzee akibabaika mbele ya wajukuu hapati usingizi, ndiyo maana naandika.

Kwanza hilo neno lenu. Mnasema "kuandika kodi", yaani "code" ya Kiingereza, maandishi ya programu. Bibi yenu aliposikia nimetoka kwa vijana wa kodi, aliuliza mnadaiwa miezi mingapi.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mdogo wangu alikuwa na mitumbwi mitatu ya dagaa, na kila asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, palikuwa na ugomvi wa mgao wa mauzo. Nikasema huu ugomvi nitaumaliza kwa mashine. Nilijifunza BASIC, lugha ya kuandikia programu, usiku, kwa kompyuta ya mtumba ya mkono wa tatu iliyokuwa ikizima yenyewe joto likizidi, nikaandika programu yangu ya kwanza: unaingiza mauzo, mafuta ya karabai, chakula na idadi ya wavuvi, inakupa fungu la kila mtu. Siku ya kwanza ilipofanya kazi nilitembea kama profesa.

Wiki ya pili alinifuata mvuvi mmoja mtu mzima, asiyejua kusoma, na punje sita za maharage kiganjani. Akazipanga juu ya ubao wa mtumbwi. Kila punje ni 10,000, akasema, na jana tuliuza 60,000. Akaondoa mbili: matumizi. Zikabaki nne. Mbili akamsogezea tajiri, yaani mwenye mtumbwi, mbili akazivuta upande wake. Wavuvi wako wanne, kila mmoja 5,000. Kisha akazirudisha zote na kunionyesha mashine yangu ilivyofanya: tatu kwa tajiri, tatu kwa wavuvi, halafu matumizi yote mawili yakang'olewa upande wa wavuvi. Ikabaki punje moja kwa watu wanne. 2,500.

Programu haikuwa na kosa la hesabu hata moja. Ilifanya kama alivyonieleza mdogo wangu, na mimi sikuwahi kumuuliza mtu anayevuta wavu. Tofauti ya wiki mbili ililipwa, na mdogo wangu akaninunia mpaka Pasaka.

Sasa binti, jibu lako: nilianza kwa sababu ya kelele za ndugu yangu, nikaendelea kwa sababu ya yale maharage. Tangu siku ile siandiki kitu kama simjui mtu atakayekuja kunilalamikia ana kwa ana.

Ndiyo maana, mniwie radhi, nilisinzia mliponionyesha ile miradi mitano ya kupeleka chakula majumbani. Yote inafanana, na nilipouliza nani ameomba, mkanitajia mashindano. Sisemi msitafute hela. Anayedaiwa kodi ya chumba (ile nyingine) akiletewa kazi ya stoo ya duka la dawa, aifanye na adai malipo yake kabla hajakabidhi. Hilo halihitaji barua.

Nililoliona mimi ni yule kijana wa pembeni aliyefunika kioo nilipopita. Nilichungulia. Alikuwa ametengeneza bao, mashimo yake 32 na kete 64, na mashine inamfunga mwenyewe. Aliona aibu kwa kuwa "ni mchezo tu, babu." Mwanangu, mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza mfumo wa kompyuta aliokuwa akiutengeneza kwa kujifurahisha, akasema hautakuwa kitu kikubwa. Leo simu nyingi humo chumbani mwenu zinaendeshwa na kiini chake. Guido van Rossum alianza Python, lugha ya programu hiyo hiyo mnayoitumia, likizo ya Krismasi ya 1989 akitafuta cha kufanya. Na Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta, alichukia tu jinsi kurasa za kitabu chake zilivyopangwa vibaya kiwandani. Akaamua kuandika programu ya kupanga kurasa, akidhani ni kazi ya muda mfupi. Ilimla miaka 10 hivi. Kwa hiyo mtu akikerwa au akicheza, mwacheni.

Mradi ulioniamsha ni ule wa kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, maana dagaa hawaji kwenye taa mwezi ukiwa umejaa, na mtu wa Ukerewe anataka kujua mapema lini atafute kibarua kingine au arudi nyumbani. Wazo zuri sana. Lakini mmeweka mwezi wa siku 30. Mwezi wa angani ni siku 29 na nusu na kidogo. Mkizidisha kwa 12, mwisho wa mwaka mmepotea zaidi ya siku tano, na mvuvi atakuwa ameketi pwani usiku wa giza zuri. Halafu inadai intaneti. Kwenye kambi za visiwani mtu ana simu ya kitochi na mtandao wa kuvizia juu ya jiwe. Ipelekeni kwa ujumbe mfupi, mara moja kwa mwezi.

Jumamosi hii msinisubiri ghorofani. Tukutane mwaloni saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ikiingia, kabla akina mama hawajamaliza kununua na kila mtu ana haraka. Njooni na daftari, kompyuta ziacheni. Yule mzee wa maharage bado yupo, siku hizi anashona nyavu, na nimeshamwambia mnakuja kumwonyesha kalenda. Amecheka, akauliza kama mashine yenu inajua mwezi wa juzi uliandama lini. Mwenye kalenda ajiandae.

Babu yenu wa mgao