Baiskeli ya Maganga

Baba Neema, vipi huko Shinyanga, mko salama? Shem hajambo, watoto wazima? Huku Dar tupo tunasukuma siku, joto limerudi na umeme unakatika unavyojisikia wenyewe. Najua nimekaa kimya, meseji yako ya kumtafutia mdogo wako Maganga baiskeli niliiona siku ileile, ila kila nikitaka kujibu naona hili jambo halijibiki kwa "poa kaka" halafu basi. Ndo maana leo nimekaa nakuandikia kirefu, utanivumilia.

Baiskeli ipo. Ipo kwa yule fundi wa Manzese mwenye domo, mtumba wa Japani, kapu mbele, keria nyuma, taa ya dinamo. Bei aliyoanza nayo nilicheka nikaondoka zangu, akaniita kabla sijafika hata barabarani. Kwa hiyo baiskeli sio shida. Shida ni huyo mdogo wako kutoka nayo Kimara mpaka Kariakoo alfajiri na kurudi nayo usiku, na hapo kabla hela haijatoka mfukoni mwangu nina maneno.

Ya Mudi wa mikate umeyasikia? Kama Mzee Chuma ndo kakusimulia basi umepata nusu. Ilikuwa alfajiri giza bado, Mudi katoka kuchukua mikate, kreti mbili nyuma zimefungwa kwa mpira, yuko ndani ya njia ya baiskeli kabisa ila anakuja kinyume, taa hana. Mbele yake dogo wa boda kaona foleni imeanza kujaa akaamua kutanua humohumo kwenye njia ya baiskeli, spidi. Wakavaana uso kwa uso. Mudi mtulinga umevunjika, dogo wa boda kofia alikuwa kaining'iniza kwenye usukani sio kichwani, kashonwa juu ya jicho. Mikate nadhani unajua ilikoishia, kuna watu walikunywa chai nzuri sana siku ile.

Sasa watu walivyojaa, moja kwa moja wakataka kumpiga yule dogo. Hapa mjini hesabu ni hiyo, mwenye chombo kikubwa ndo mwenye kosa, basi. Mzee Chuma yeye anasema kinyume chake, eti baiskeli zote zitolewe barabarani warudi nazo vijijini kwao. Mimi wote nimewakatalia. Boda hana biashara yoyote ndani ya njia ile, hilo halina mjadala. Lakini Mudi naye, bila taa, kinyume, gizani, angeonwa na nani? Hata angekuwa mtembea kwa miguu mbele yake angempitia.

Ila subiri kwanza, maana hapo kwenye kinyume ndo pananisumbua. Unaikumbuka Morogoro Road ilivyo sasa, mabasi ya mwendokasi yanapita katikati, ukitaka kuvuka upande wa pili usogee mpaka penye taa au pundamilia ya kituoni, usubiri, usukume na kreti zako, halafu maduka yako matatu yapo upande ule uliotoka. Mtu na akili zake anaona ni kipande kifupi tu, anakula kinyume. Sio Mudi peke yake, simama pale Tip Top asubuhi uhesabu mwenyewe. Kwa hiyo namlaumu, halafu nikifikiria naona na mimi ningekuwa na mikate inayosubiriwa na mama wa chai... ah, lakini taa angeweka bana! Taa sio kosa la barabara.

Na kinachouma ni kwamba njia tunazo. Huo mradi wa mwendokasi ulivyoanza kazi 2016, Kimara mpaka Kivukoni, na njia za baiskeli na za miguu zilijengwa pembeni, mji ukapewa mpaka tuzo ya kimataifa ya usafiri ya 2018. Nenda sasa kaziangalie. Hapa meza ya chaja na kava za simu, pale gari imepaki "dakika mbili tu boss", mbele kidogo mama kaweka jiko la chapati, halafu boda wanapita kama ya kwao. Mwenye baiskeli anashuka barabara kubwa, daladala inamchomekea, konda anamtukana. Na pale njia inapokatwa na barabara ya mtaani ndo pabaya zaidi kuliko pote, gari inakata kushoto dereva macho yake yapo kulia anaangalia magari, wewe upo ubavuni mwake unaenda moja kwa moja ukijua una haki. Unayo ndio. Hajakuona lakini.

Ndo maana Maganga ananitia wasiwasi. Amebeba abiria kwenye daladala ya baiskeli hukohuko kwenu miaka, anajiamini, anajua kubalansi mtu mzima na gunia, na kujiamini kwenyewe ndo ninakokuogopa. Mwambie hivi: gari ikienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndo mwisho unaoruhusiwa mjini na wewe unajua nani anaifuata, kila sekunde inakula karibu mita 14. Yeye akiwa na 15 yake upande wake sahihi, gari inamkaribia kwa tofauti ya 35. Akienda kinyume zinajumlishwa, 65. Dereva mwenye simu mkononi hapo hana muda hata wa kukanyaga breki. Kichwa chake cha hesabu kinafanya kazi, ataelewa.

Fundi nimemwambia siichukui mpaka breki zote mbili zishike. Ya nyuma inapiga kelele mpaka mbwa wanaamka, ukimuuliza anasema hiyo ndo kengele, umepewa bure. Nimecheka lakini kengele ataweka. Na hiyo dinamo inawaka tairi likizunguka tu, ukisimama kwenye makutano inazima, yaani inakuacha gizani palepale unapoitaka, kwa hiyo nataka na taa nyekundu ya betri nyuma na rifleta kwenye keria. Kofia ngumu naendelea kuulizia, za mtumba zipo ila nyingine zina ufa kwa ndani, hizo sinunui hata kwa bure.

Mudi yupo nyumbani, mkono kifuani. Mwenye mikate kamkata hela ya mikate iliyomwagika, hapo ndo utajua binadamu. Mama wa yule dogo wa boda alikuja na elfu ishirini na machozi, Mudi akakataa kumshtaki dogo, anasema na yeye alikuwa anawahi abiria. Tunamchangia kidogokidogo kwenye kundi letu, ukiwa na chochote nitumie kwa namba ileile.

Sasa nijibu haya. Maganga anafika lini hasa, na ana urefu gani siku hizi, maana siti ya hii haipandi sana? Bado anapanda baiskeli na vile viearphone vyake masikioni? Hawezi kupanda mwendokasi wiki za mwanzo kwanza akaijua barabara? Hela ya taa na kofia unatoa wewe au nimkate mshahara wa kwanza, usinifiche? Na wazo la baiskeli ni lake au ni shem kachoka kumpa nauli? Jibu kabla ya Jumamosi, fundi kasema kuna mtu mwingine ameitolea macho, ingawa najua ni uongo wake.

Msalimie Neema, mwambie viatu vyake nimeviona.

Ni mimi, Baba Rehema