YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA VYAKULA NA VINYWAJI VYA ASILI, TANGA – LUSHOTO – MARANGU

Kwa Meneja Mkuu,

Salaam. Natumaini u mzima na kazi zinakwenda vizuri. Kwangu hazijakwenda vizuri tangu turudi, na sababu mnayo hapo ofisini.

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Risiti na majina ya wasafiri nimeambatisha, kwa hiyo sitapoteza muda wako kueleza nililipia nini. Masharti mliyaandika wenyewe, na kile kifungu cha kubadilisha ratiba bila ridhaa ya mteja mnakijua kuliko mimi. Naandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Naomba adabu hiyo isichukuliwe kuwa nimesamehe.

Naanza na Marangu, ingawa Marangu ilikuwa mwisho wa safari, maana hapo ndipo kampuni yenu ilipomdhalilisha baba yangu mzazi.

Tulikuwa tumekaa kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee mwenyeji wetu, chini ya migomba, mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, imeshatolewa. Mzee akachota kwa kata, akaonja yeye kwanza, akampa baba yangu kwa mikono miwili. Baba akapokea kwa mikono miwili. Kabla hajaifikisha mdomoni, mwongozaji wenu, akiwa na fulana yenye nembo yenu kifuani, akaja na kuichukua ile kata mkononi mwa baba. "Mzee, hii kitu weka chini. Kampuni hairuhusu pombe za kienyeji. Mkiumwa nani atalipa?" Kisha akatuambia tupande gari, chakula kipo hotelini Moshi na kimeshalipiwa.

Hairuhusu! Na kwenye kipeperushi chenu, ukurasa wa mbele kabisa, kuna picha ya nini? Ya kata ya mbege.

Nitalirudia hilo. Ngoja kwanza niseme ya Tanga, maana dharau haikuanzia Marangu.

Tulikubaliana kuondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi. Gari lilikuja saa 4. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350, na ukiweka maeneo ya mwendo wa kilomita 50 kwa saa kila penye kijiji, mtu yeyote aliyewahi kupita Chalinze na Segera anajua utaingia saa ngapi. Tuliingia usiku. Samaki wa kupaka niliyeahidiwa, mihogo ya nazi, mkate wa kumimina, vyote vikageuka chipsi mayai za barabarani, maana mama aliyekuwa atupikie alishafunga na kwenda kulala. Mwongozaji akasema samaki tutamwona kesho. Kesho yenyewe akatuamsha alfajiri tuondoke, ngalawa hazijarudi na hata soko halijachangamka. Nani anampeleka mtu Tanga kula samaki, kisha anamtoa kabla samaki hajafika nchi kavu?

Muheza tulipita mara mbili, wakati wa kuingia Tanga na wakati wa kutoka. Ilikuwa Julai, machungwa yamerundikwa kando ya barabara. Mara ya kwanza tukaambiwa tutanunua wakati wa kurudi. Mara ya pili tukaambiwa tumechelewa. Wanangu walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo, wanayahesabu mafungu.

Halafu Lushoto. Mliandika kwa herufi nene kwamba tutachuma plamu shambani. Ndugu Meneja, plamu za Lushoto ni za mwisho wa mwaka, Desemba na Januari. Julai ukiziomba pale, mwenye shamba anakuangalia usoni aone kama u mzima. Ndivyo alivyotuangalia. Kumbe aliyepanga ratiba hiyo hajawahi kumpigia simu hata muuza genge mmoja wa Mombo akamuuliza mwezi huu kuna nini. Na kile kipande cha Mombo kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona na korongo, mkatupandisha gizani kwa sababu dereva alikaa muda mrefu kwenye hoteli moja ya njiani Korogwe, ambako naamini yeye anakula bure na sisi tunalipa bei ya mgeni. Mama yangu mdogo alitapika njia nzima. Hakuna aliyempa hata maji.

Sijui kama hapo ofisini kuna mtu anayeelewa kwamba safari ya chakula haipangwi kwa kilomita. Inapangwa kwa saa ya mpishi na kwa mwezi wa mkulima. Samaki ana asubuhi yake, chungwa lina msimu wake, na mbege ina siku zake. Mbege haiagizwi ukiwa njiani. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke kwa siku kadhaa, unapikwa uji wa kimea cha ulezi, inatiwa msesewa, magome ya mti, ipate ule uchungu wake, na ikishakuwa tayari inanyweka muda mfupi tu kabla haijawa kali ya kumwagwa. Maana yake yule mzee na mkewe walianza kazi kabla sisi hatujafunga mabegi. Walianza kwa sababu nyinyi mliwapigia simu mkawaambia waanze. Sauti ya mtu wa ofisi yenu, siyo yangu.

Sasa nirudi pale kihambani, maana nikifumba macho bado naona.

Baba yangu ni mtu wa Njombe. Amekulia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, anajua kinywaji cha wazee ni nini na kinanyweka vipi. Kwa miaka amekuwa akisema kabla hajafa anataka aonje mbege kwa Wachaga wenyewe, siyo ya dumu la mjini. Safari hii nzima niliinunua kwa ajili ya kile kikao kimoja. Haya mengine, samaki, machungwa, yalikuwa njia ya kufika pale.

Tulipoingia, baba, ambaye ana wajukuu, alimpa mwenyeji shikamoo kwa kuwa alimwona amemzidi umri. Mwongozaji wenu, kijana anayeweza kuwa mjukuu wa wote wawili, alisema "mambo vipi mzee." Nilinyamaza. Bibi alikuwa ametenga mtori wa ndizi mshare na nyama, moto bado unatoka mvuke, na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye chungu. Kahawa ilikuwa kwenye kikaango, punje za shamba lao wenyewe, watoto wameahidiwa kutwanga. Mzee akachota mbege. Akaonja. Akampa baba. Na ndipo yule kijana akanyoosha mkono katikati ya wazee wawili, akainyakua kata, na jambo ambalo sikuliandika hapo juu kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, akaimwaga. Mbele ya aliyeitengeneza. Aliimwaga kwenye shina la mbuni kisha akaikung'uta ile kata kama mtu anayemwaga maji ya kunawia.

Baba alibaki ameshika hewa. Mzee mwenyeji hakupandisha sauti. Alisema, "Basi wanangu, nendeni mkale huko kulikolipiwa." Bibi akafunika chungu.

Nilimwambia kijana wenu kwamba chakula hiki ndicho nilichokilipia. Akanijibu, "Dada, usinifundishe kazi." Nikamwomba dakika kumi tu, baba aonje, watoto wale mtori. Akawasha gari. Alikuwa anapiga honi, Ndugu Meneja. Anapiga honi kwenye kihamba cha watu, wazee wakiwa wanaagana.

Hotelini Moshi tulikuta kuku wa kisasa, wali, na soda. Na kahawa ya pakiti ya kukoroga kwenye maji ya moto, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mhudumu mmoja, bila kujua anamwambia nani, akatueleza kwamba kampuni yenu inapata kamisheni kwa kila kichwa inachoingiza pale. Kwa hiyo tumbo la baba yangu halikuwa hatarini hata kidogo. Kilichokuwa hatarini ni kamisheni.

Nimeisahau ya Same. Kwa kuwa tulichelewa kutoka Lushoto, dereva alikimbiza gari, tochi ya trafiki ikamkamata, akaandikiwa faini ya shilingi 30,000. Akatugeukia abiria tuchange. Eti tulimchelewesha sisi kwa kunywa chai. Nilichanga ili tufike. Fedha hiyo nayo naidai, na siyo kwa sababu ni nyingi.

Niliporudi nilipiga simu. Binti wa huduma kwa wateja akasema "tutalifanyia kazi." Nikaandika meseji, nikapata tiki mbili za bluu na kimya. Nikapiga tena, safari hii akaniambia sera ya kampuni iko wazi kuhusu usalama wa vyakula. Iko wazi kweli. Inasema mwenyeji wa kijijini anakaguliwa na ofisi kabla hajaingizwa kwenye ratiba. Basi ama mlimkagua na mbege yake ilikuwa salama, ama hamkumkagua na mliuza uongo. Chagueni mojawapo mniandikie, ila msichague yote mawili.

Nilipokaa kuandika barua hii nilikuwa nataka mnirudishie nusu ya malipo na mniombe radhi. Nilidhani hiyo ni haki na ni kiasi. Lakini jana nimempigia yule mzee wa Marangu kumpa pole, na nimejifunza kwamba hamjamlipa hata senti. Alinunua nyama ya mtori kwa fedha yake. Ulezi kwa fedha yake. Ndizi alizokata ni za kihamba chake ambazo angeuza sokoni. Mwongozaji alimwambia, kwa kuwa wageni hawakula, hakuna malipo. Wageni hawakula! Nani aliwazuia?

Kwa hiyo nusu haitoshi tena. Nadai yafuatayo na sitapunguza. Mnirudishie fedha yote, pamoja na ile niliyochanga Same. Mumlipe mzee na mkewe gharama zote kama mlivyoahidi kwenye simu yenu, na mnitumie uthibitisho wa malipo, siyo maneno. Mwongozaji yule asipewe tena wageni wa kupeleka kwenye nyumba ya mtu mzima yeyote. Picha ya kata iondoke kwenye kipeperushi, maana mnauza kitu mnachokimwaga. Na wewe mwenyewe Meneja, siyo msaidizi wako, siyo binti wa simu, upande gari, ukunje kulia pale Himo, ufike Marangu, ukae kwenye kigoda na kuomba radhi kwa wazee wale. Ukipewa kata, pokea kwa mikono miwili.

Baba yangu hadai chochote. Yeye amenikataza hata kuandika, anasema yaishe. Mimi sijakubali yaishe.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii, na atakayeipokea dirishani kwenu ataisaini, nakala nitabaki nayo. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani kama madai ya mlaji aliyeuziwa huduma kwa maelezo ya uongo, na nakala nyingine itakwenda Wizara ya Maliasili na Utalii kwa wanaotoa leseni za biashara ya utalii, ili wakati wa kuhuisha leseni yenu waulize mnavyowatendea wenyeji mnaowapiga picha. LATRA, wanaosimamia usafiri wa ardhini, nao watapata taarifa zao kuhusu dereva na ule mwendo wa Same. Mlango wa mahakama nao naujua ulipo, na kijana wa shemeji yangu ni wakili ambaye hana kesi nyingi mwezi huu.

Simu msinipigie. Nijibuni kwa maandishi, yenye mhuri.

Wenu,

Mteja aliyelipa kamili
Dar es Salaam

Viambatisho: risiti, majina ya wasafiri, ratiba mliyoitoa, kipeperushi, picha ya stakabadhi ya faini.
Nakala: kwa sasa hakuna.