Barua kwa mwanangu anayemuuguza bibi yake

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu, na nakushukuru kwa jinsi unavyomtunza bibi yako tangu atoke hospitali. Umeniuliza kwa nini yule mtoa tiba kwa vitendo, badala ya kuushughulikia mkono wa kushoto uliodhoofishwa na kiharusi, alianza kumuuliza bibi siku yake inakwendaje, anaswali vipi, na kama bado ana hamu ya kusuka ukili wa mikeka. Uliona amepoteza muda. Kazi hiyo ndiyo niliyoisomea, na mimi pia ningeanza na maswali hayohayo.

Katika tiba hii ya vitendo, ambayo kwa Kiingereza huitwa occupational therapy, tukisema shughuli hatukusudii ajira peke yake. Tunakusudia kila jambo analolifanya mtu katika siku yake kwa sababu analihitaji au lina maana kwake: kuoga, kujifunga kanga, kutia udhu, kupika, kuuza, kumbembeleza mjukuu, kucheza bao, kwenda msibani. Mtoto naye ana shughuli zake, na kubwa kuliko zote ni mchezo. Kuunyanyua mkono mara kumi ni zoezi. Kuunyanyua ili kulifikia kopo la sukari kwa sababu wageni wamefika na chai iko tayari ni shughuli, kwa kuwa hapo mwili, akili, mazoea na nia vyote vinahitajika kwa wakati mmoja. Mazoezi ya fiziotherapia bibi asiyaache hata kidogo, lakini nguvu zinaweza kurudi mkononi na mtu akawa bado hawezi kujivika gauni.

Fikra hii si ngeni. Mwezi Machi 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, watu wachache walikutana nyumbani kwa George Barton wakaunda chama cha kitaifa cha fani hii nchini Marekani. Barton alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, na baadaye akapooza upande wa kushoto, uleule wa bibi yako, naye akajitibu kwa useremala na kilimo cha bustani. Mwaka 1922 daktari wa magonjwa ya akili, Adolf Meyer, alichapisha maelezo yake kwamba binadamu anahitaji mizani ya kazi, mchezo, mapumziko na usingizi, na kwamba mizani hiyo hupatikana kwa kutenda. Huwakumbuka hao kila ninapomkuta mgonjwa ambaye jamaa zake, kwa huruma, hawakumwachia lolote la kufanya.

Kwetu kumtunza mzee ni kumpumzisha: alishwe, aogeshwe, avikwe, akae kitini, na anayemwacha ajihangaikie huonekana hana adabu. Najua unayafanya hayo kwa mapenzi. Lakini bibi yako ni msusi wa mikeka tangu ujana wake. Mikeka ndiyo iliyotusomesha, na ndiyo iliyomkutanisha na wenzake barazani kila alasiri. Akiondolewa hayo yote, mkono utazidi kukakamaa kwa kutotumika, na mwenyewe ataanza kujiona hana nafasi nyumbani, atalala mchana na kukesha usiku, atapunguza maneno. Nimewaona wazee wakidhoofika hivyo ilhali dawa za presha wanazimeza bila kukosa.

Mtoa tiba akiitazama kazi ya kusuka ukili huona mambo mengi ndani yake: kukaa wima, kuona vizuri pande zote mbili, kubana miyaa, yale majani ya kusukia, kwa vidole, kuipitisha mikono kwa zamu, kukumbuka mpangilio wa rangi, kustahimili bila kuchoka upesi. Kisha hutafuta panapokwama, akapapunguzia uzito. Pengine bibi ataanza kwa kuchagua na kupanga miyaa, mkono wa kushoto ukiishikilia tu mezani, kabla ya kurudia kusuka kwenyewe.

Hapo nyumbani, akivaa gauni atangulize mkono dhaifu, na akivua atangulize mkono mzima. Sahani yake iwekee kitambaa kibichi chini ili isiteleze, na mpini wa kijiko uuzungushie kitambaa uwe mnene. Kukuna nazi kusubiri kwanza, na chombo cha moto asikishike kwa mkono wa kushoto, maana hauhisi joto sawasawa. Usimwinue kwa kuuvuta mkono huo. Bega linaweza kuteguka. Atachelewa, pengine atamwaga chai, nawe utatamani kumpokea kazi. Ngoja mpaka aombe msaada, isipokuwa ukiona anataka kuanguka.

Muulize mwenyewe angependa kuanza na lipi. Huenda lisiwe ukili; akisema anataka kutia udhu bila kushikwa na mtu, basi anzeni na hilo, na umtafutie kiti imara cha kukalia karibu na maji. Wiki ijayo niandikie ni yapi anayafanya peke yake, ni yapi anayafanya kwa kusaidiwa, na lipi ameliomba, ili nizungumze na mtoa tiba wake kabla hamjarudi kliniki.

Mama yako